Uvimbe unaokuzwa maabara: Kwa nini saratani ya mkazi wa Gatina yafaa kuchunguzwa hapa nchini

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Gatina, mtaani Kawangware, anapoona uvimbe shingoni usiopungua, safari yake ya kutafuta tiba aghalabu huishia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH), kilomita chache kutoka nyumbani kwake. Huko daktari hukata kipande kidogo cha nyama, hukitia katika kichupa chenye dawa ya formalini na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia ili akitazame kwa darubini.

Formalini huhifadhi umbo la seli lakini huziua. Jibu likishatolewa, kipande kile kilichogandishwa ndani ya nta huwekwa kabatini, na kazi yake huwa imekwisha.

Lau kipande hicho kingechukuliwa kingali hai, kikatiwa katika maji yenye lishe na kuwahishwa maabara, kingeweza kukuzwa kikawa uvimbe mdogo nje ya mwili wa mgonjwa. Uvimbe huo ungejaribiwa dawa moja baada ya nyingine, ukapigwa miale, na ukaonyesha ni tiba gani inayoudhuru na ni ipi inayoupita bila kuugusa.

Hivyo ndivyo vielelezo vya maabara ambavyo sasa vinategemewa katika utafiti wa saratani ya kichwa na shingo. Vinaundwa kwa ufundi wa hali ya juu katika nchi kadhaa za Ulaya, Asia na Marekani. Swali ambalo hatujaliuliza vya kutosha ni hili: vielelezo hivyo vimetokana na nyama ya nani?

Swali hili halihusu fahari ya taifa peke yake. Kama itakavyoonekana, linahusu iwapo dawa iliyothibitishwa ng'ambo itamfaa mgonjwa aliyelazwa Nairobi.

SARATANI YENYEWE

Saratani ya kichwa na shingo ni jina la jumla la maradhi kadhaa. Yamo yanayoshika kinywa na ulimi, koo, zoloto ambalo ndilo kisanduku cha sauti, tezi za mate, matundu ya pua, na ile sehemu iliyojificha nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Kote duniani, takriban watu 900,000 hugunduliwa kuwa na maradhi haya kila mwaka.

Nchini Kenya, makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 yalionyesha visa vipya takriban 44,000 vya saratani za aina zote, na vifo takriban 29,000. Uwiano huo unatisha, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kuenea.

Visababishi vya saratani ya kichwa na shingo si vya aina moja. Tumbaku na pombe ndivyo vinara, na vikitumiwa pamoja madhara yake huongezeka maradufu. Virusi vya papiloma, maarufu kama HPV, husababisha baadhi ya saratani za koo. Virusi vya Epstein-Barr navyo vinahusishwa na saratani ya nyuma ya pua. Kutokana na tofauti hizo, wagonjwa wawili wenye uvimbe mahali pamoja wanaweza kuwa na maradhi yasiyofanana hata kidogo kwa tabia.

NYAMA ILIYOSAFIRI

Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ilitoa mchango mkubwa katika kuanza kwa elimu hii. Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuwachunguza watoto waliokuwa na uvimbe wa ajabu katika mataya. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958, na maradhi hayo baadaye yakaitwa limfoma ya Burkitt.

Mnamo Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara jijini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba uvimbe ule ulisababishwa na virusi. Wawili hao wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vikisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha mnamo Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipomfikia hatimaye, maji yake yalikuwa na utusitusi. Mtu mwingine angedhani yameoza na kuyamwaga. Epstein aliyatazama kwa darubini, akaona seli hai za uvimbe zikielea huru.

Kumbe siri ilikuwa hapo. Seli zile ziliachwa zielee, zikaota na kuongezeka. Mapema mwaka 1964, zilipotazamwa kwa darubini ya elektroni, virusi vilionekana ndani yake. Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza ugunduzi wao mwezi Machi mwaka huo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Bila seli zilizokubali kuishi chupani, havingeonekana.

Nairobi nayo haikubaki nyuma. Katika Hospitali ya Kenyatta alikuwapo Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa limfoma ya Burkitt pamoja na wale wa saratani ya nyuma ya pua. Clifford alishirikiana na watafiti wa Marekani na wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, na sampuli za wagonjwa wa Nairobi zikaanza kusafiri.

Mwaka 1966, watafiti wa New York wakishirikiana na Clifford walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa na kuyakutanisha na seli za Burkitt zilizokuzwa maabara. Walitarajia kingamwili zionekane kwa wagonjwa wa Burkitt. Zilionekana, lakini zilionekana pia kwa wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua. Huo ndio uliokuwa mwangaza wa kwanza kwamba maradhi hayo mawili yana uhusiano na virusi vilevile.

Mwaka 1970, Harald zur Hausen wa Ujerumani pamoja na wenzake, Clifford akiwa mmoja wao, walithibitisha kwamba chembe za urithi za virusi vya Epstein-Barr zimo ndani ya nyama za aina zote mbili za uvimbe. Zur Hausen huyohuyo ndiye aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Kutokana na ushirikiano huo wa Nairobi na Stockholm zilipatikana pia seli zinazojulikana kwa jina la Daudi, zilizotolewa katika uvimbe wa kijana wa Kiafrika mwaka 1967. Seli hizo hazijafa hadi leo. Zinauzwa na kukuzwa katika maabara za mataifa mengi. Zilitumika hata katika majaribio ya awali ya daratumumab, dawa ya saratani ya uboho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015.

KUTOKA KISAHANI HADI JELI

Seli kama hizo ndizo vielelezo vya kizazi cha kwanza. Hukuzwa katika chupa au kisahani, kwa joto la nyuzi 37, na huongezeka bila kikomo. Ni rahisi kutunza na bei yake si kubwa. Lakini zina upungufu mkubwa: uvimbe wa kweli haukai kama utandu bapa juu ya plastiki.

Ndani ya ulimi wa mgonjwa, seli za saratani hazipo peke yake. Zimezungukwa na seli zinazofuma nyuzi za tishu, mishipa ya damu, seli za kinga na ute mzito unaozishikilia zote. Majirani hao huzilisha, huzificha dhidi ya dawa, na hata huzifungulia njia ya kupenya kuelekea shingoni. Dawa inayoua seli zilizotandazwa kisahanini yaweza kushindwa kabisa inapokutana na ngome hiyo.

Kizazi cha pili kilikuwa panya. Watafiti walipandikiza vipande vya uvimbe wa binadamu katika panya wasio na manyoya, ambao kinga yao ni dhaifu na kwa hivyo haiwezi kuukataa. Mwaka 1974, George Klein wa Stockholm na wenzake walitumia panya wa namna hiyo kuonyesha kwamba virusi vya Epstein-Barr vimo ndani ya seli zenyewe za saratani ya nyuma ya pua, wala si katika seli za damu zilizoizunguka tu. Njia hiyo ingali inatumika, lakini huchukua miezi, hugharimu fedha nyingi, na kinga ya panya si kinga ya mtu.

Kizazi cha tatu ndicho kinachozungumziwa sana sasa. Kipande cha uvimbe hukatwakatwa, seli zake hutenganishwa, kisha hupandwa ndani ya jeli laini yenye lishe maalumu. Baada ya siku kadhaa seli hujikusanya na kuunda vijidonge vidogo vyenye mpangilio unaofanana na wa uvimbe wa asili. Vijidonge hivyo huitwa oganoidi. Mwaka 2019, watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walitangaza kwamba wamekuza oganoidi 31 za saratani ya kichwa na shingo kutoka kwa wagonjwa, na kuzijaribu kwa dawa na kwa miale.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kujenga ukuta mzima wa kinywa. Hutandika kolajeni iliyochanganywa na seli zinazofuma nyuzi, juu yake hupanda seli za ngozi ya kinywa, kisha huinua kazi yote hadi kwenye hewa ili seli zijipange tabaka kwa tabaka kama zilivyo mdomoni. Seli za saratani zikitiwa hapo, mtafiti hupima kwa rula ya darubini zimepenya chini kwa kina gani, na ni dawa ipi iliyozizuia.

Hata jeli yenyewe ina hadithi. Ile iliyozoeleka maabara hutokana na uvimbe wa panya. Watafiti wa Oulu, Finland, wakiongozwa na Tuula Salo, walitangaza mwaka 2015 jeli iliyotengenezwa kwa uvimbe usio wa saratani wa mji wa uzazi wa wanawake, ule ambao hospitali huutoa na kuutupa. Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleza: saratani ya ulimi wa mtu haiishi katika nyama ya panya, basi itazamwe ikipenya nyama ya mtu.

Hatimaye ipo chipu, kipande cha plastiki angavu chenye vijifereji vyembamba vinavyopitisha maji ya lishe mithili ya damu. Tangu watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipotangaza pafu la namna hiyo mwaka 2010, mbinu hiyo imesambaa hadi katika utafiti wa saratani. Nayo Marekani, mnamo Desemba 2022, ilibadilisha sheria na kuondoa sharti kwamba kila dawa lazima ijaribiwe kwanza kwa wanyama.

KIOO KINAPODANGANYA

Kielelezo ni kioo. Kikiwa na kasoro, atazamaye hupotea. Utafiti wa saratani ya nyuma ya pua umelionja jambo hili kwa uchungu.

Kwa miaka mingi watafiti walitumia seli kadhaa zilizoaminiwa kuwa za saratani hiyo. Vipimo vya chembe za urithi vilivyoanza kutangazwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba baadhi ya zile zilizotumika mno zilikuwa zimeingiliwa na seli za HeLa, ambazo ni za saratani ya mlango wa kizazi. Tasnifu zikaandikwa na dawa zikajaribiwa kwa seli ambazo hazikuwa za pua kamwe.

Kasoro nyingine ni kwamba seli za saratani hiyo, zinapokuzwa kisahanini, huelekea kuvipoteza virusi vya Epstein-Barr. Kwa muda mrefu zilikuwapo seli za aina moja tu, kutoka Hong Kong, zilizosifiwa kwa kuvihifadhi daima. Ugonjwa wa dunia nzima ukawa unasomwa kwa mgonjwa mmoja.

Hapo ndipo hoja ya Gatina inapoingia. Idadi kubwa ya seli za saratani zilizomo katika maghala ya dunia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya au Asia ya Mashariki. Lakini virusi vya Epstein-Barr vina aina tofauti kwa maeneo tofauti. Aina zilizohusishwa na hatari kubwa kusini mwa China si lazima ziwe ndizo zilizoenea Kenya.

Vivyo hivyo kwa HPV. Marekani, karibu asilimia 70 ya saratani za koo nyuma ya ulimi huhusishwa na virusi hivyo, na uvimbe wa namna hiyo hukubali tiba vizuri zaidi. Tafiti za Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla zimeonyesha kiwango kilicho chini sana. Daktari atakayeamua kupunguza makali ya tiba kwa kufuata matokeo ya kielelezo chenye HPV, ilhali mgonjwa wake alipata saratani kwa tumbaku na pombe, atakuwa amemnyima mtu huyo nafasi ya kupona.

Na yapo mazingira. Madaktari wa Nairobi waliochunguza saratani ya nyuma ya pua katika miaka ya 1960 na 1970 walishuku moshi wa kuni katika nyumba zisizopitisha hewa. Katika vyumba vya mabati vya Gatina, ambako jiko la makaa, kitanda na watoto hugawana futi kumi kwa kumi, hofu hiyo bado ina uzito. Ukuta wa kinywa au wa pua uliojengwa maabara unaweza kupulizwa moshi kwa kipimo na kutazamwa unavyodhurika. Mtu hawezi kufanyiwa hivyo.

UJUZI UPO JIRANI

Je, kazi hii yaweza kufanyika hapa? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Barabara ya Naivasha inayokatiza Kawangware huelekea Uthiru, ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Ukiendelea mbele utafika Muguga. Huko Muguga, mwaka 1970, watafiti walitangaza kwamba wameweza kukuza maabara seli za ng'ombe zilizoambukizwa ndigana kali.

Ugonjwa huo una ajabu moja. Kimelea chake huigeuza seli ya damu ya ng'ombe ikawa inazaana bila kukoma, kama saratani. Maana yake ni kwamba eneo hili limekuwa likikuza seli zenye tabia ya saratani kwa zaidi ya nusu karne, kwa ajili ya mifugo. Kwa upande wa binadamu, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) iko Barabara ya Mbagathi, mwendo mfupi kutoka wodi za KNH.

Vikwazo vipo na haifai kuvifumbia macho. Kipande hai lazima kifike maabara siku hiyohiyo, kikiwa katika baridi. Kinywa kimejaa bakteria na kuvu, ambavyo huweza kuoza sampuli nzima. Seli zisizo za saratani mara nyingine huota kwa kasi na kuzizidi zile zinazotafutwa. Umeme ukikatika, kabati la joto huzimika. Akiba huhifadhiwa katika nitrojeni kimiminika, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, nayo hununuliwa kila mara. Lishe na jeli huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Zaidi ya hayo, vielelezo hivi havijawa mwili kamili. Vingi havina kinga iliyotimia, na oganoidi iliyokubali dawa haitoi ahadi kwamba mgonjwa atapona. Ni nyenzo ya kuuliza maswali mazuri, wala si mbadala wa majaribio kwa wagonjwa.

MWENYE NYAMA AULIZWE

Jambo la mwisho ni ridhaa. Seli za HeLa zilitolewa mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, kwa mama Mmarekani mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks, bila yeye kuelezwa wala kuombwa. Alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake zilijenga biashara kubwa, na ni mwaka 2023 tu ambapo warithi wake waliafikiana nje ya mahakama na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza.

Kenya ya leo si Nairobi ya miaka ya 1960. Utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya na za urithi kuwa nyeti. Lakini karatasi iliyotiwa sahihi si lazima iwe ridhaa. Mgonjwa mwenye maumivu, anayewaza nauli ya kurudi Gatina na bili ya hospitali, aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba kipande chake kinaweza kuishi kuliko yeye, kikavuka mipaka, na kikaleta faida. Aambiwe faida hiyo itamrudia nani. Aambiwe pia kwamba akikataa, matibabu yake hayatapungua.

Chanda chema huvikwa pete, wasema wahenga. Wagonjwa wa Kampala na Nairobi waliufungulia ulimwengu mlango wa elimu ya virusi na saratani, na wengi wao hawakuivuna tiba iliyotokana nao. Kuikuza saratani ya Kenya nchini Kenya, kwa ridhaa ya wenyewe, ni njia mojawapo ya kuhakikisha historia hiyo haijirudii.

Vielelezo hivyo vikisubiriwa, mgonjwa asisubiri. Wataalamu wanashauri kwamba yeyote mwenye kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu, ugumu wa kumeza, pua iliyoziba au kutoa damu upande mmoja, au sikio moja lililopoteza usikivu bila sababu, aende kupimwa. Chanjo ya HPV kwa wasichana, iliyozinduliwa nchini Oktoba 2019, ipo katika vituo vya afya vya umma. Saratani hizi zikigunduliwa mapema, nyingi hutibika, na hakuna maabara yoyote inayoweza kumrudishia mgonjwa miezi aliyoipoteza akitafuna dawa za maumivu nyumbani.